"Mama, mfumo hausomi Same": nimepanda mabasi ya kampuni mbili njia ya Arusha, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu wadau. Itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, ila hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na safari hii nimeamua niandike lote. Mi nafanya biashara ya tangawizi, nafuata mzigo Same kule milimani nashusha Dar, kwahiyo karibu kila mwezi nipo kwenye basi, Mbezi kwenda Same, Same kurudi Mbezi, na huu ni mwaka wa tano. Sijawahi hata mara moja kufika na basi mpaka mwisho wake, mi ni abiria wa njiani, na abiria wa njiani kwenye hizi njia ndefu anaonekana kama mtu aliyeomba lifti wakati amelipa hela yake.

Kwa msiojua hii njia, ukitoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, basi la Tanga, la Lushoto, la Moshi, la Rombo, la Arusha, mpaka yale yanayovuka Namanga kwenda Nairobi, yote yanapita barabara moja. Wengine wanapitia Chalinze wengine wanakatisha Bagamoyo wanatokea Msata, ila kuanzia Msata wote ni msafara mmoja, Mbwewe, Mkata, Kabuku, mpaka Segera ndo la Tanga linakata kulia. La Lushoto linaachana na wenzake Mombo linapanda mlima. Wanaobaki wanaendelea, Hedaru, Makanya, Same, Mwanga, Himo, Moshi, Arusha. Dar mpaka Arusha ni kama kilomita 640, mpaka Same ni 430 na kitu. Sasa kwa mtu wa Korogwe, wa Mombo, wa Hedaru, wa Same, mabasi yanayopita mbele yake kwa siku ni mengi sana, anaweza akapanda lolote, na hapo ndo fujo inapoanzia, kwasababu kila basi linakutaka ila hakuna linalotaka kukuandika.

Nianze na kampuni ya kwanza, jina lake silitaji. Nilienda kukata tiketi siku moja kabla, daraja la kati, basi la saa 12 asubuhi. Nikamwambia yule dada wa dirishani naenda Same. Akaniambia elfu 38. Nikamuuliza hiyo si ndo nauli ya Arusha, akasema ndiyo. Nikamwambia dada yangu mi nashukia Same, akanijibu bila hata kuniangalia, "Mama, mfumo hausomi Same, unasoma Moshi na Arusha tu."

Hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi sana. Mfumo hausomi. Sasa mi nilishapiga hesabu yangu siku nyingi. LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa ardhini, walipotangaza viwango Desemba 2023 waliweka nauli kikomo kwa kilomita, daraja la kawaida shilingi 48.47 na daraja la kati shilingi 67.84 kwa kila abiria kwa kilomita moja. Kwa kilomita. Hawakusema kwa mkoa wala kwa mwisho wa safari. Ukizidisha kilomita 435 kwa 67.84 haifiki elfu 30. Kwahiyo elfu 38 mpaka Same ni zaidi ya elfu 8 juu ya kikomo, na hiyo elfu 8 kwangu mi ni nauli ya kupanda milimani na chai na hela inabaki. Nikamwambia hivyo yule dada, akasema ukitaka panda kama hutaki acha, basi litajaa tu. Na kweli lingejaa. Nikakata, kwasababu nilikuwa na watu wananisubiri kule juu na tangawizi ikishachimbwa haikusubiri wewe ugombane na wakala.

Tiketi ikaandikwa Dar–Arusha, jina langu wakaandika nusu, siti C3.

Tena niseme kitu hapa ili nisiwe naonea watu. Naelewa kabisa kwanini kampuni inaogopa kumkatia mtu wa Same. Akishuka Same ile siti ina kilomita 200 za kwenda tupu mpaka Arusha, mafuta yanaungua yale yale, dereva analipwa ile ile. Kama siku hiyo kuna mtu wa Arusha amekosa siti kwasababu yangu basi kampuni imepoteza. Hiyo ni hesabu halali na hata mi ningekuwa na basi ningeiwaza. Kama kweli ile siti inaenda tupu, sema "tunauza mwisho wa safari tu" nijue moja. Lakini haiendi tupu wapendwa, na hicho ndo nataka mkione.

Tumetoka Mbezi vizuri tu, saa 12 na dakika kumi. Chalinze tukapakia wawili, walisimama mpaka Lugoba afu wakapata pa kukaa sijui wapi. Mkata tukapakia. Segera akashuka mmoja wakapanda watatu. Korogwe tukasimama kula na kuchimba dawa, dakika ishirini, na pale tulipotaka kuondoka akapanda babu mmoja, mzee kabisa, ana fimbo na bahasha kubwa ya kaki ya hospitali, ile ya kuwekea picha za eksirei. Anaenda Moshi, kliniki hospitali ya KCMC. Ana tiketi mkononi. Akaja mpaka kwangu akasimama, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hapa pameandikwa C3."

Nikaichukua ile tiketi nikaiangalia. Ilikuwa ya kitabu, ya kuandika kwa mkono, C2 imekatwa kwa peni ya bluu juu yake ikaandikwa C3, Korogwe–Moshi, elfu 20. Na mi yangu C3 imetoka kwenye mashine. Wote wawili tumelipa, wote wawili tuna karatasi, siti moja. Nikamwita konda. Konda akaja akaangalia zote mbili, hakushangaa hata kidogo, akaenda nyuma akarudi na ndoo ya rangi, ile ya lita 20, akaigeuza akaiweka kwenye korido, akamwambia babu, "Mzee wangu kaa hapo kidogo, Same hapo kuna siti inatoka."

Kidogo! Korogwe mpaka Same ni kama kilomita 150, masaa mawili na zaidi. Na angalia alichosema, "Same kuna siti inatoka." Inatoka siti ipi? Yangu. Kumbe alijua kabisa toka mwanzo kwamba nashukia Same. Yule wakala wa Korogwe alipigiwa simu akaambiwa kuna C3 itakuwa wazi, yeye akaiuza kuanzia Korogwe badala ya kuanzia Same. Yaani mfumo hausomi Same wakati wa kunikatia mimi, ila Same inasomeka vizuri sana wakati wa kuuza siti yangu kwa mtu mwingine.

Sikuweza kukaa pale naangalia mzee wa umri wa baba yangu amekaa kwenye ndoo anashika mguu wa siti kila gari ikikanyaga breki. Nikampisha. Akakataa, nikamlazimisha, tukawa tunapokezana, mi nikakaa kwenye ndoo kutoka Mombo mpaka Hedaru, afu akagoma kabisa akasema mwanangu umelipa na wewe, rudi. Jirani yangu wa dirishani, kijana mmoja anaenda Arusha chuo, naye akampisha kipande. Kwahiyo abiria tukajipangia wenyewe kazi ambayo kampuni ilitakiwa kuifanya ofisini.

Tumefika Same, nimeshuka, babu akakaa C3. Kwenye mlango wakapanda vijana wawili wanaenda Moshi, wakampa konda hela mkononi, tiketi hawakupewa. Sasa piga hesabu ya ile siti moja. Mi nimeilipa mpaka Arusha. Babu ameilipa kutoka Korogwe mpaka Moshi. Kipande cha Same mpaka Moshi kimelipwa mara mbili, kipande cha Korogwe mpaka Same kimelipwa mara mbili, na babu alikaa kwenye ndoo. Na wale vijana wawili wasio na tiketi ile hela yao sijui hata kama mwenye basi aliiona.

Na kitu kinachoniuma zaidi ya hela ni majina. Tiketi ina jina kwa sababu. Mungu apishe mbali, basi likipata ajali pale Kifaru, orodha iliyopo ofisini inasema mi naenda Arusha, nipo C3. Wangempigia simu mume wangu kumwambia mkeo alikuwa kwenye hilo basi wakati mi nipo Same nakunywa chai. Na wale vijana wawili hawapo popote. Mama zao wangeanza kutafuta wapi? Tiketi ndo kitu pekee kinachosema huyu mtu alipanda hapa, alikaa hapa, alitakiwa ashuke hapa. Ukimpakia mtu bila tiketi umemfuta. Nasema hivi kwa uchungu kwasababu watu wengi wanachukulia tiketi ya kipande kama kitu cha kubembelezwa, "we ingia tu tutaelewana mbele", na abiria wenyewe wanakubali kwasababu wanapunguziwa elfu mbili.

Kurudi ikawa vile vile. Stendi ya Same wakala alinikatia basi ambalo bado lilikuwa Moshi huko, akapiga simu, "una siti ngapi", akaambiwa mbili, kumbe na wa Mwanga naye aliambiwa mbili, na wa Himo naye mbili. Zile mbili zimeuzwa mara tatu. Basi linafika saa 4 na nusu limejaa mpaka mlangoni. Nikaambiwa nikae juu ya injini pembeni ya dereva mpaka Korogwe. Hapo mkanda hamna, na sheria ya mkanda ipo. Nilikataa, nikadai hela yangu, nilirudishiwa baada ya nusu saa ya maneno, nikapanda lingine. Hiyo kampuni sijapanda tena.

Sasa kampuni ya pili. Hii nayo sitaji jina maana sitaki ionekane natangaza, ila nimeipanda mara saba mfululizo kwahiyo sisemi kwa bahati ya siku moja.

Kitu cha kwanza, wakala kabla hajaniambia bei aliniuliza, "Unashukia wapi mama?" Nikasema Same. Akabonyeza, akaniambia elfu 28, siti zilizo wazi mpaka Same ni hizi hapa, akanigeuzia kioo nichague. Tiketi ikatoka imeandikwa Mbezi–Same, jina langu lote, namba ya basi, siti, saa ya kuripoti, saa ya kuondoka, nauli. Nilisimama pale dirishani naiangalia kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja. Miaka mitano ndo mara ya kwanza naona neno Same kwenye tiketi ya basi la Arusha.

Nikamuuliza yule kijana mbona kwenu mfumo unasoma. Alikuwa hana watu wengi akanielezea, na alivyonielezea ndo nikaelewa kitu ambacho sikuwa nakijua. Kwao siti haiuzwi nzima nzima. Siti ni kama muwa una pingili. Pingili ya Mbezi–Segera, Segera–Korogwe, Korogwe–Mombo, Mombo–Same, Same–Moshi, Moshi–Arusha. Mi nikikata Same nimechukua pingili nne za mwanzo, mbili zinabaki, na zile mbili muda huo huo zinaonekana kwa wakala wa Same kwenye simu yake, anaweza akamuuzia mtu wa Same–Moshi siti ile ile na hakuna atakayekaa kwenye ndoo kwasababu mashine haimruhusu kuuza pingili iliyokwisha kuuzwa. Wakala wa Korogwe akifungua anaona siti zilizo wazi kuanzia Korogwe tu, hapigi simu kwa konda kuuliza una ngapi. Yaani ile simu ya "una siti ngapi" imeondolewa, na mi naamini robo tatu ya ugomvi wa njiani unazaliwa na ile simu.

Kuna ugumu wake na aliniambia wazi. Tuseme mtu wa Korogwe anaenda Moshi. Siti moja iko wazi Korogwe mpaka Same, nyingine ndo iko wazi Same mpaka Moshi. Hakuna siti moja iliyo wazi njia nzima. Mfumo unaweza kumkatia ahame Same, aende siti nyingine. Hapo wao wanamwambia abiria kabla hajalipa, na kwenye tiketi inaandikwa siti mbili, B4 mpaka Same, D1 kuanzia Same. Nilimuona mmama mmoja amekata hivyo, tulipofika Same mhudumu alikuja mwenyewe akamsaidia kibegi akamhamisha, dakika moja. Mtu akisema sitaki kuhama wanamwambia subiri basi la nyuma. Wazee na wenye watoto wadogo hawawakatii tiketi ya kuhama. Hilo walinifurahisha sana, kwasababu kuna sehemu mashine inaruhusu ila ubinadamu unakataa.

Mpangilio wa kukaa nao wameufikiria. Watu wa karibu, Segera, Korogwe, Mombo, wanawekwa mbele karibu na mlango, wa Moshi na Arusha wanakaa katikati na nyuma. Mwanzoni niliona kama ubaguzi, kuna baba mmoja wa Arusha alilalamika yeye kakata mapema kwanini asikae mbele. Lakini ukisafiri ndo unaona faida, Segera wanashuka wanne bila kumruka mtu, hakuna kukanyagana, basi halijazima hata injini. Kule kwingine mtu wa Segera amekaa siti ya mwisho kabisa, anapita na begi kichwani kwenye korido ambayo ina watu kwenye ndoo, dakika kumi zinaisha pale, afu dereva anazitafuta hizo dakika kumi mbele kwa kukanyaga mafuta. Watu hawaunganishi haya mambo lakini yameungana.

Buti nao hivyo hivyo. Mizigo ya Arusha inaingia ndani kabisa, inafuata ya Moshi, afu Same, ya Korogwe ndo mlangoni. Kila mzigo una karatasi ya rangi na kipande chake unabaki nacho wewe, Same ni njano. Mimi narudi na magunia ya sampuli na vibegi, kwahiyo suala la buti kwangu ni kubwa kuliko siti. Kule kwa wa kwanza nilishawahi kusimama Same kwenye jua la saa 7 mchana wanatoa magodoro ya watu wa Arusha yote nje ndo wafikie begi langu, abiria wananichungulia dirishani wamenuna kana kwamba mi ndo nimewachelewesha. Na mara moja begi la mtu lilisahaulika nje pale pale stendi.

Wana sheria yao moja ambayo wengine hawaipendi, mi naitetea. Basi la saa 12 asubuhi, ambalo ndo linagombewa, tiketi za vipande hawauzi mpaka jana yake saa 10 jioni. Kabla ya hapo wanauza Moshi na Arusha tu. Ikifika saa 10 jioni siti zilizobaki zinafunguliwa kwa wote, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Mabasi ya saa 3 na saa 4 asubuhi yako wazi kwa vipande muda wote. Kuna dada alikuwa analalamika pale dirishani anasema ni ubaguzi ule ule. Hapana jamani, siyo ule ule. Kampuni imejilinda isikae na kilomita 200 tupu, ila imekuambia saa ngapi mlango unafunguliwa, imebandika na karatasi dirishani, na hawajakutoza kilomita ambazo hutazisafiri. Mi nafika saa 10 na dakika tano napata. Nikikosa nachukua la saa 3. Kinachomuumiza abiria ni kutokujua, sheria hata ikiwa ngumu ukiijua unajipanga.

Konda wao ana orodha ya abiria iliyopangwa kwa vituo. Siku ya kwanza nilikaa karibu naye nikaichungulia. Imeandikwa Korogwe, wanashuka sita, wanapanda wanne, majina na siti. Mombo, anashuka mmoja. Same, wanashuka watano, wanapanda watatu. Kabla ya kila kituo anasimama anataja majina, "Same wajiandae, mama fulani, kaka fulani," kwa jina lako. Hakuna anayepitilizwa akiwa amelala. Na anayepanda njiani hata kama siti ipo anakatiwa kwenye kimashine, jina linaingia, ndo anakaa. Nilishuhudia Mkata mtu amesimamisha basi, ana hela cash, anaenda Korogwe, konda akamwambia ngoja kwanza jina lako kamili. Yule mtu akasema andika lolote, konda akamwambia "anko, lolote siyo jina". Akaandika, safari ikaendelea.

Mapungufu wanayo nayasema pia. Moja, mtandao ukikatika kimashine kinazunguka tu, na kuna maeneo pale kati ya Mkomazi na Hedaru simu inasumbua, basi linasimama mtu anasubiri kukatiwa wakati jua linawaka, abiria wengine wanaanza kupiga kelele twende. Wangekuwa na kitabu cha dharura cha kujaza kwa mkono afu wakaingiza baadaye ingesaidia. Pili, basi lao la usiku. Toka Serikali iruhusu mabasi kutembea saa 24, Oktoba 2023, na wao wameweka moja la jioni, ukiondoka Mbezi saa 1 jioni unafika Same saa 8 usiku. Tiketi inasema Same stendi, ila mara mbili nimeshushwa barabarani kwenye lami badala ya kuingia stendi, dereva anasema stendi hakuna mtu saa hizi. Mi ni mwanamke nina begi na hela ya mzigo, saa 8 usiku, bodaboda wawili tu nisiowajua. Hiyo haikubaliki. Kama tiketi imeandikwa stendi basi ni stendi hata akiwa abiria mmoja. Niliwapigia ofisini siku iliyofuata, walinisikiliza, safari iliyofuata basi liliingia ndani ila sijajua kama ni kwasababu yangu au ni dereva tu mwenye moyo mzuri.

Tatu ni Desemba. Wapare na Wachaga wote tunaujua mwezi wa 12, watu wote wanapanda kwenda nyumbani, mpaka LATRA inatoa vibali vya muda kwa mabasi ya njia nyingine yaje kusaidia Moshi na Arusha. Hapo hata hawa ninaowasifia walifunga tiketi za vipande kuanzia tarehe 15, wakawa wanauza mpaka mwisho tu. Niliumia kweli maana nilishawazoea. Naelewa presha ya Desemba ila watu wa Same na Mwanga nao wanaenda kula sikukuu kwa wazazi wao, tena sisi ndo wengi kwenye hayo mabasi, na wakati huo huo siti ile ikifika Same mtu wa kuichukua mpaka Moshi yupo kila saa, stendi imejaa. Desemba ndo mwezi ambao siti ya pingili ingewalipa wao zaidi kuliko mwezi wowote. Mwaka huo nilipanda treni, ile ya Moshi iliyorudishwa Desemba 2019, tiketi yake imeandikwa Same bila kuombwa, ila ni usiku kucha na siku zake chache.

Kwa wanaosafiri vipande, mi nafanya hivi. Kama unaenda Korogwe au Mombo usihangaike na basi la Arusha, chukua la Lushoto, wewe kwao ni abiria wa mbali. Kama unaenda Same au Mwanga tafuta linaloishia Moshi kabla ya la Arusha, kipande kinachobaki ni kifupi na hawakusumbui sana. Kabla hujatoa hela muulize wakala, nioneshe neno la ninaposhukia kwenye tiketi. Asipoonesha nenda dirisha la pili, mabasi ni mengi. Ukikatiwa na wakala wa njiani muulize siti umeiona kwenye mashine au umepiga simu. Akisema amepiga simu usilipe mpaka basi lifike ulione kwa macho. Na ukipewa ndoo piga picha, ndani ya basi kuna namba ya LATRA ya bure imebandikwa, piga hapo hapo, taja namba ya gari na mlipo.

Yule babu wa KCMC alinipa namba yake siku ile, tukawa tunawasiliana. Ana kliniki kila baada ya miezi miwili. Nimemwelekeza wakala wa hii kampuni ya pili pale Korogwe, safari yake ya juzi alinipigia akiwa ndani ya basi, akaniambia, "Mwanangu nimekaa A2, na kuna binti alikuja na tiketi ya Same, mashine imempa siti yake mwenyewe." Kwa ofisi ya hiyo kampuni, nimeshaongea na wakala wenu wa Mbezi kuhusu Desemba, akaniambia atapeleka juu. Naomba mnijibu kabla ya Novemba, nina watu sita wa kuja nao Same sikukuu na bado sijawakatia.